Hujatoa Mkono?

Springi ya nyuma, upande wa kulia, ilikatika Jumanne asubuhi kwenye mteremko wa kuingia Mwatate. Danson Mwandoe alijua imekatika kabla hajashuka kutazama, kwa jinsi lori lilivyoinama ghafla, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Alikuwa amebeba kabichi na nyanya za wakulima wa Wundanyi, za kupakiwa kwenye treni ya Mombasa pale Voi. Aliegesha kando ya njia, akaweka mawe mbele ya magurudumu, akalala chali chini ya bodi. Springi ile ilikuwa vyuma tisa vilivyolaliana, na vitatu kati yake vilikuwa vimevunjika. Kile kikuu, kinachobeba vingine vyote, kilikuwa kimepasuka karibu na tundu lake.

Wakulima wawili walikuwa wamepanda juu ya mzigo. Hawakumlaumu. Walikaa kivulini wakitazama jua, na hilo lilimwuma kuliko lawama. Kabla ya adhuhuri likatokea lori la Kituku, mfanyabiashara wa Maungu, lori jipya ambalo rangi yake ya kijani ilikuwa haijapata hata mkwaruzo. Kituku alisimama, akashuka, akalizunguka lori la Danson polepole, mikono nyuma.

"Mzee amechoka," alisema, akiligonga bodi kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni. "Mwacheni apumzike. Nyanya haziwezi kungoja wazee."

Watu walicheka, na Danson pia alicheka. Mzigo ukahamishwa. Wakati wa kuagana, mkubwa wa wale wakulima alimwambia kwa upole, macho yakiwa kando, kwamba mzigo mwingine utakuwa tayari Jumamosi alfajiri. Wao hawamfukuzi mtu, alisema, lakini nyanya ni nyanya. Kama Jumamosi hatakuwapo, Kituku ameshasema yeye yuko.

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele ya nyumba ya Danson wiki ile. Lori lisimame kwa miguu yake kabla ya Jumamosi, au kazi ya kubeba mboga, iliyowalisha kwa miaka mitatu, ihamie Maungu. Alifunga gogo kati ya ekseli na chasisi kwa kamba ya mkonge, akalirudisha lori tupu mpaka Voi kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza.

Walikaa nyuma ya stesheni, katika nyumba ya udongo yenye bati, na uwanja mpana wa kutosha kugeuza lori. Tryphena, mkewe, alikuwa mtu wa Njukini, upande wa Taveta. Danson alikuwa Mdawida, yaani Mtaita, wa Wundanyi. Lugha za kwao hazikusikilizana, kwa hiyo nyumba yao ilisema Kiswahili tangu siku ya harusi, kila mmoja na chake. Elsie, mtoto wao wa pekee, alikuwa Wundanyi kwa shangazi yake Priscilla kwa ajili ya shule.

Jioni ile ya Jumanne Mahmud alikuja kulitazama lori. Alikuwa jirani yao, fundi aliyezeekea katika karakana ya reli, na baba yake alifika Voi kutoka pwani wakati reli yenyewe ilipofika. Alishika ile springi, akaipapasa mahali ilipopasuka, akasema kuna mtu wake Mombasa anayekusanya vyuma vya malori ya jeshi. Akipelekewa habari kwa treni ya usiku, Ijumaa asubuhi springi itakuwa Voi.

Danson alishukuru. Kisha akageukia jikoni akauliza, kwa sauti ya mwenyeji mwenye mgeni, "Mama Elsie, hujapika?"

"Ee," Tryphena alijibu kutoka ndani ya moshi.

Danson alimtazama Mahmud, akatikisa kichwa akicheka. "Umesikia? Ee umepika, au ee hujapika? Miaka sita namfundisha."

"Ee hajapika," Mahmud alisema. "Umemwuliza hujapika, naye kakubali. Kwetu sisi ni hivyo."

"Hata kwetu ni hivyo. Lakini si hivyo kwa watu wa kazi."

Danson hakuwa mtu wa dharau. Jambo hili lilikuwa na mzizi wake. Aliwahi kuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge, na siku moja yule meneja alimwuliza kama hajatia mafuta katika injini. Danson alijibu ndiyo, maana yake ni kweli, sijatia. Meneja akasikia kwamba ametia. Injini ikafa njiani, na Danson akazabwa kofi mbele ya wakata mkonge mia moja, akiwa mtu mzima mwenye mke. Tangu siku ile alijifunza kujibu kama wenye gari wanavyojibu: kama hujafanya, sema la, kama umefanya, sema ndiyo. Alilipenda jibu lile kwa sababu lilimgharimu. Na kama watu wengi walivyo, kitu alichofundishwa kwa kofi alikileta nyumbani akidhani ni elimu.

Baadaye, alipomaliza kupika, Tryphena alitoka na sinia akaliweka chini. Chakula kilikuwa ugali na mbaazi. Walipoanza kula alirudi jikoni, akakaa juu ya kigoda, akajisemea maneno yale polepole, akiyapanga kama mtu anayepanga vikombe. Hujapika? La. Hujapika? Ee, nimepika. Hakuwa na hasira. Alijiambia tu kwamba hatachekwa tena mbele ya jirani.

Siku ya Alhamisi Danson aliuliza kama hajateka maji, naye akajibu, "La," kisha akachukua ndoo. Danson alifurahi kweli. Alimwambia sasa amekuwa mtu wa ofisi, na Tryphena akatabasamu, kwa maana sifa za mumewe hazikuwa nyingi.

*

Springi ilifika Ijumaa, imefungwa katika gunia. Ilikuwa nzito, na ilikuwa imepakwa grisi vizuri. Nusu ya bei yake ilikuwa imetoka katika maharagwe ambayo Tryphena aliyaleta kutoka Njukini na kuyauza sokoni. Hilo halikutajwa na mtu.

Mahmud na Danson walianza kazi asubuhi. Tusiwaonee: walifanya kila kitu inavyopasa. Lori liliwekwa mahali penye ardhi ngumu iliyo sawa, si kwenye mchanga. Magurudumu ya mbele yalizuiwa kwa mawe, mbele na nyuma. Nati zililegezwa lori likiwa bado chini, ili mtu asije akavuta spana kwa nguvu wakati gari limeinuliwa. Kisha waliinua nyuma kwa jeki, wakasukuma chini ya chasisi mataruma ya zamani, yale magogo ya kulalia reli, mawili upande huu na mawili upande ule, yamepandana msalaba, wakalishusha lori likayakalia. Mahmud alilisukuma kwa bega mara tatu. Halikutikisika.

"Jeki ni ya kuinulia," alisema, kama alivyosema kwa kila mtu aliyewahi kufanya naye kazi. "Si ya kulalia chini yake."

Baada ya hapo jeki ilihamishwa ikawekwa chini ya ekseli peke yake, kwa sababu springi hukaa juu ya ekseli, na lazima ekseli ishuke kidogo ndipo ya zamani itoke, na ipande tena kidogo ndipo mpya ikae. Waligonga, walipaka mafuta, waligonga tena. Ya zamani ilitoka kabla ya saa sita. Waliinua mpya wakaipachika ncha zake mbili kwenye chasisi. Ikabaki kupandisha ekseli mpaka ikutane na springi, na kichwa cha bolti ya kati kiingie katika tundu lake.

Hapo muadhini aliadhini. Ilikuwa Ijumaa. Mahmud alifuta mikono kwa kitambaa.

"Ningoje nitoke msikitini," alisema. "Kuitoa ni kazi ya mtu na nguvu zake. Kuitia ni kazi ya wawili wanaojuana sauti."

Danson alilitazama jua. Alikuwa na matairi ya kukaza, breki ya kujaribu, na safari ya kupanda Wundanyi jioni ili alale huko awe tayari alfajiri. Kitheka, taniboi na msaidizi wake, alikuwa amekwenda kwao Ikutha kuzika. Alimwambia Mahmud aende kwa amani. Mahmud alipofika kwenye ukingo wa uwanja aligeuka akasema tena, "Saa moja tu, Baba Elsie," na Danson akampungia mkono.

Alingoja kwa muda wa sigara moja. Kisha akamwita mkewe.

Tryphena alikuja akifuta unga viganjani. Danson alimwonyesha mpini wa jeki, mrefu, akamwonyesha jinsi ya kuupiga: chini, juu, chini, taratibu. Alimwonyesha skurubu ndogo ya kuishusha, ya kuzungusha kushoto. Alimwelekeza vizuri, bila kumharakisha. Alimwambia asipige hata mara moja kabla hajasikia neno lake. Kisha akalala chali, akaingia chini, akabaki miguu tu nje.

Tryphena alipiga jeki mara nne, mara moja kwa kila neno. "Piga," akasikia, akapiga. "Piga." Ekseli ilipanda kama mkate unaoumuka, hata huioni ikipanda. Ikabaki nafasi ya vidole viwili hivi.

"Basi," Danson alisema. "Ngoja. Kuna mchanga katika tundu, nautoa kwa mkono."

Aliingiza mkono wa kulia katika ile nafasi, akaanza kuuchokoa mchanga kwa ncha za vidole. Punje moja ilikuwa imekwama. Alikuwa ameshika pumzi, na moyo wake wote ulikuwa katika kile kijitundu kidogo. Nje, Tryphena alikuwa ameinama juu ya mpini, jua likimpiga kisogoni. Hakuona mkono. Aliona gurudumu lililovuliwa, miguu ya mumewe, na kivuli. Aliona muda umekuwa mrefu. Hakutaka kupiga bila kuuliza, kwa hiyo akauliza.

"Hujatoa mkono?"

"Ee," alisema Danson.

Alijibu kama mama yake alivyojibu, na bibi yake. Alijibu kama alivyojibu yeye mwenyewe kabla hajaenda kwa meneja yeyote. Ee, ndivyo, sijatoa. Mtu akishika pumzi, jibu linalotoka ni lile alilozaliwa nalo.

Na Tryphena, kwa miaka sita ya kuchekwa na siku tatu za kujifunza, alisikia alivyofundishwa. Ee, nimetoa. Akashusha mpini kwa uzito wake wote.

*

Ni Tryphena aliyeizungusha ile skurubu kushoto, bila kuambiwa na mtu, wakati sauti ya mumewe ilikuwa imeshajaa uwanja. Ni yeye aliyemvuta miguu akamtoa, akamfunga mkono kwa kanga yake, akamshika bega wakatembea hadi hospitali. Watu waliokuwa wakitoka msikitini waliwapisha njia.

Dresa, mfunga vidonda aliyekuwa zamu, aliitwa Noah, kijana mwenye miwani aliyeandika kila kitu kabla ya kugusa kitu. Aliuliza jina, kabila, kazi. Kisha akauliza ajali imetokeaje.

Danson alikuwa amekaa kwenye benchi, uso umekuwa wa kijivu. Tryphena alikuwa amesimama karibu, akiwa na damu hadi kwenye viwiko. Alitaka kusema kitu, akamtazama mumewe, akangoja, kwa sababu aliyeulizwa ni yeye.

"Mke wangu alikuwa na jeki," Danson alisema. "Hakusikia vizuri."

Noah aliandika. Siwezi kusema kwamba Danson alidanganya. Maumivu yalikuwa makali, na wakati ule yeye mwenyewe aliamini hivyo: alisema hajatoa, mke akapiga, basi hakusikia. Tryphena aliinamisha kichwa. Yeye pia aliamini kwamba alisikia vibaya, ingawa alilikumbuka lile neno waziwazi kama kengele ya stesheni.

Vidole vitatu vilikatwa siku iliyofuata. Kidole gumba na cha mwisho vilibaki, na kiganja kikapona kikiwa kimejikunja, kama mkono wa mtu anayebeba maji ya kunywa. Mahmud, aliporudi na kukuta uwanja mtupu na ndala moja ya Danson chini ya lori, aliimalizia springi peke yake kabla ya jua kuzama. Alipandisha ekseli, akatambaa kutazama, akarudi kwenye jeki, akapandisha tena, mara ishirini. Jumamosi alfajiri lori la Danson lilisimama sawasawa kwa miguu yake yote, na hakukuwa na mtu wa kuliendesha. Nyanya za Wundanyi zilishuka na Kituku.

Priscilla aliteremka wiki ya pili, pamoja na Elsie. Alikuwa dada mkubwa wa Danson, mwanamke wa Mothers' Union, mwenye sauti ya kusoma masomo kanisani. Alileta ndizi na maziwa ya mgando, akampa pole ndugu yake, akalia kidogo. Kisha akakaa jikoni na Tryphena, akamwambia mambo kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. Kwamba mkono wa dereva ni kama jembe la mkulima. Kwamba watu wa Taveta ni watu wazuri, lakini Kiswahili chao huwa kinapita masikio. Kwamba angeita hata mpita njia, badala ya kushika kitu asichokijua.

"Aliniita yeye, wifi," Tryphena alisema.

"Najua alikuita. Ndiyo maana nasema ungekataa."

Habari ilitembea. Kisimani wanawake walimpokea ndoo wakisema pole, na mmoja akaongeza, kwa mzaha wa kirafiki, kwamba mtu asimwachie Mama Elsie kamba ya ndoo, atatumbukizwa kisimani. Wote walicheka. Kituku alifika na mkungu wa ndizi, akatoa ushauri kwamba lori likiuzwa mapema halitaota kutu, na alipoondoka alimpa Tryphena mkono wa kushoto, akauficha wa kulia nyuma ya mgongo, akacheka mwenyewe. Tryphena alivumilia yote haya. Alimlisha mumewe, alimfunga vifungo vya shati, alimwogesha mgongo. Kitu kimoja tu kilibadilika, na mwanzoni hakuna aliyekitambua. Aliacha kujibu kwa neno moja. Ukimwuliza kama hajapika, alisema, "Sijapika." Ukimwuliza kama maziwa hayajaletwa, alisema, "Maziwa yameletwa, yako mtungini." Ee na la zilimng'oka mdomoni kama meno.

*

Mahmud ndiye aliyekuja kuuliza. Alikuja baada ya sala ya alasiri, wakati Tryphena amekwenda sokoni, akakaa karibu na Danson juu ya taruma moja lililobaki uwanjani. Walizungumza juu ya mvua. Kisha akasema kuna jambo linamsumbua, na kama Danson hataki kulijibu, asilijibu.

"Shemeji ni mtu makini," alisema. "Nimeitazama ile jeki. Hakuizungusha ovyo, wala hakukosea kuishusha. Sasa nataka kujua. Alikuuliza, au alipiga tu?"

"Aliuliza."

"Aliuliza vipi?"

Danson alifikiri. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza hivyo, na yeye hakuwa amejiuliza. "Aliuliza, hujatoa mkono."

"Wewe ukasemaje?"

Treni ya mizigo ilikuwa ikipanga mabehewa stesheni, yakigongana moja baada ya jingine, na Mahmud alingoja mpaka la mwisho likagonga.

"Nilisema ee," alisema Danson.

Mahmud aliokota kipande cha kuni akakitazama.

"Kwa hiyo alisikia," alisema baadaye.

"Alisikia."

"Alisikia kama ulivyomfundisha."

"Basi, Mahmud."

"Nimenyamaza," Mahmud alisema. Alipoondoka alimshika bega, lile la upande wa mkono mbovu, akaliacha.

Danson alikaa pale mpaka mkewe aliporudi. Alimwona akiingia na kikapu kichwani, akamwona akitua, na alikusudia kusema. Lakini Tryphena alikuwa amechoka, na maneno yalikuwa mazito, na kesho ingekuwa siku. Kesho yake pia ingekuwa siku. Watu wengi wamepoteza vitu vyao kwa namna hii, si kwa ubaya, bali kwa kungoja saa inayofaa. Zilipita wiki tatu.

Ni Elsie aliyemfanya aseme. Mtoto alikuwa na miaka saba, na shule ilikuwa imefungwa. Walikuwa wamekaa kula mchana, pamoja na Priscilla aliyekuja kumchukua, ndipo Elsie akamgeukia mama yake akamwuliza, bila ubaya, kama mtoto anavyouliza kwa nini mbuzi ana ndevu, "Mama, ni kweli ulimponda baba mkono? Wenzangu wa Wundanyi wanasema."

Tryphena aliweka tonge chini. "Ni kweli nilipiga jeki, na mkono wa baba yako ulikuwa ndani," alisema.

"Si hivyo," Danson alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Dada, sikiliza, na wewe Elsie. Mama yako alisikia vizuri. Aliniuliza kama sijatoa mkono, nikajibu ee. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ee maana yake nimetoa. Nilimcheka miaka sita mpaka akajifunza. Kisha mimi mwenyewe nikajibu vingine. Kosa ni langu."

Alikuwa ameisema yote, kwa mpangilio, kama alivyoipanga moyoni kwa siku ishirini. Alipumua. Akamtazama dada yake.

Priscilla alikuwa na machozi. Alimwangalia ndugu yake kwa mapenzi makubwa, kisha akamgeukia Tryphena. "Wifi," alisema, "Mungu amekupa mume. Wangapi wangefanya hivi? Mwanamume amepoteza mkono, na bado anabeba kosa la mkewe mbele ya mtoto. Usilisahau hili."

"Dada, hujanielewa," Danson alisema.

"Nimekuelewa, mwana wa mama. Nimekuelewa sana."

Naye alipanda Wundanyi na habari hiyo. Kufikia Jumapili ilikuwa imesimuliwa kanisani kama mfano wa subira ya mume. Watu walioteremka Voi walimshika Danson mkono wa kushoto kwa heshima, na walimtazama Tryphena kama mtu aliyesamehewa deni kubwa asilostahili kusamehewa. Danson aliwaeleza mmoja mmoja. Kila alipozidi kueleza, walizidi kumsifu. Mahmud peke yake ndiye aliyejua, na Mahmud hakuwa mtu wa kanisani.

*

Kitheka alirudi kutoka Ikutha, akajifunza kuendesha, akapata leseni mwezi wa Novemba. Mboga zilikuwa zimeshahama, lakini kulikuwa na kuni za kupeleka Maungu na mchanga wa kujengea. Ile springi haikusumbua tena. Danson alikaa upande wa kushoto katika lori lake mwenyewe, akimwambia Kitheka lini abadilishe gia.

Asubuhi moja, kabla ya safari, alisimama mlangoni wakati Tryphena akimfunga vifungo. Alianza na cha chini, kama kawaida yake, akipanda. Nje Kitheka alikuwa akipasha injini moto. Danson aliitazama mikono ya mkewe. Ilikuwa na kovu dogo karibu na kidole gumba ambalo hakuwahi kuliona, na aliona aibu kuuliza limetoka wapi.

Walikuwa hawajalizungumza lile jambo wawili peke yao, hata mara moja. Alisema mbele ya dada, alisema mbele ya wakulima, alisema stesheni. Kwake hakuwa amesema. Alitafuta pa kuanzia, na kilichotoka ni swali, tena swali la namna ileile.

"Mama Elsie," alisema. "Hujanisamehe?"

Vidole vya Tryphena vilisimama kwenye kifungo cha pili kutoka juu. Danson alingoja aseme sijakusamehe, au nimekusamehe, kwa maana siku hizi aliongea hivyo, kila neno na kichwa na mkia wake.

"Ee," Tryphena alisema.

Alifunga kile kifungo, akafunga na cha mwisho, akamnyoosha kola, akarudi jikoni. Kitheka alipiga honi. Danson alibaki mlangoni na shati lake lililofungwa vizuri, akilisikiliza lile neno, kwanza kwa namna ya mama yake, kisha kwa namna ya meneja. Angeweza kumfuata akamwuliza. Zilikuwa hatua sita tu. Honi ikalia tena, naye akaenda, akapanda lori upande wa kushoto, akaufunga mlango kwa mkono uliobaki.